Kibegi cha chini ya kiti, begi la magurudumu au mzigo wa buti: ndege za bei chee uchague lipi

Tiketi niliipata kwa bei ambayo nilimuonyesha kila mtu, yani bei ya kujisifia kabisa, alafu zile kurasa zinazouliza unataka kuongeza begi nikabonyeza hapana, hapana, hapana kama mtu anayefukuza nzi. Begi langu la magurudumu lilikuwa dogo na nishapanda nalo ndege nyingine miaka yote hakuna aliyeniuliza kitu, sasa hawa nao wataniuliza nini. Nafika getini nakuta kile kikasha cha chuma cha kupimia kimewekwa pembeni ya foleni na dada mmoja kasimama na mashine ya kadi mkononi, wala hajaificha. Begi likashuka vizuri mpaka kwenye magurudumu, hapo likagoma. Sentimita mbili, labda tatu. Nikasukuma kwa mkono, nikasukuma kwa goti, dada ananiangalia tu, akaniacha mpaka nikachoka mwenyewe ndo akanitajia kiasi, na hicho kiasi kilikuwa kikubwa kuliko tiketi niliyokuwa najisifia nayo.

Nililipa. Nikakaa nimenuna mpaka tunatua. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa futi kamba, na hapa nawawekea nilichojifunza kwa kulinganisha, ili ukikata tiketi ujue unachagua nini maana wengi tunachagua tukiwa tushachelewa.

Kitu cha kwanza, begi lile lile na kilo zile zile lina bei tatu au nne kutegemea umelilipia lini. Ukilipia pamoja na tiketi ndo bei ya chini, ukiongeza baadae kwenye apu mara nyingi imepanda, ukifika kaunta ya uwanjani imepanda tena, na getini ndo wanakunyonga kabisa. Kwa Ryanair, shirika la bei chee la Ulaya, begi lililozidi likikamatwa getini linaweza kufika euro 75, na hawa hawa kuna siku wanauza tiketi chini ya euro 20. Na hiyo ni ya kwenda, kurudi unahesabiwa upya, watu wengi wanasahau hapo, wanalipia begi la kwenda alafu siku ya kurudi wanashangaa.

Kibegi cha bure

Karibu kila shirika la bei chee linakupa kitu kimoja bure kinachoingia chini ya kiti cha mbele yako. Tatizo tunadhani hiyo bure ni saizi moja kila mahali. Ryanair walikaa miaka kwenye sentimita 40 x 20 x 25, mwaka 2025 ndo wakaongeza ikawa 40 x 30 x 20. Wizz Air, nao wa Ulaya, ni 40 x 30 x 20. easyJet, wa huko huko, wanakupa 45 x 36 x 20. Kwa macho unaona ni yale yale, ila zidisha uone: ile ya zamani ya Ryanair ni lita 20, mpya ni 24, ya easyJet inapita lita 32. Lita nane za tofauti ni jozi ya viatu na sweta zito, sasa mtu anaenda na ndege ya easyJet anarudi na nyingine kwa kibegi kile kile, kwenda hana shida, kurudi anavuliwa viatu getini, sijui kama mnanielewa.

Marekani Frontier wanatumia inchi 18 x 14 x 8, ukigeuza unapata kama sentimita 45 x 35 x 20. AirAsia wa Malaysia wana utaratibu tofauti kidogo, wanakuruhusu vitu viwili lakini jumla visizidi kilo 7, kwa hiyo kule ogopa mzani kuliko kikasha. Kilo 7 ni kidogo kuliko unavyodhani, weka laptopu na chaja yake, viatu vya ziada na kopo la mafuta uone kama bado una nafasi ya nguo.

Mashirika yaliyo kwenye umoja wa A4E huko Ulaya yalikubaliana 2025 kwamba 40 x 30 x 15 iwe saizi ambayo kila mwanachama wao ataikubali bure. Ni lita 18 tu, kadogo, ila kama unarukaruka mashirika tofauti kwenye safari moja ndo saizi ya kutembea nayo ukalala usingizi. Na vipimo hivi vyote angalia tena siku unayokata tiketi maana hawa watu wanabadilisha bila kupiga ngoma.

Ushauri wangu hapa ni begi la mgongoni laini, lisilo na mgongo mgumu, lisilo na magurudumu. Usijaze mfuko wa mbele. Kitu ambacho nimekishuhudia mara nyingi, begi lenyewe lina saizi sahihi kabisa dukani lilivyonunuliwa, ila mwenye nalo kajaza ule mfuko wa mbele chaja, kitabu, chupa, soksi, limevimba kama chura, kikashani halishuki. Ukitoa vile vitu ukaviweka kwenye mifuko ya koti linazama lenyewe. Jipime nyumbani: chora huo mstatili kwenye boksi la kadibodi, ukate, upitishe begi likiwa LIMEJAA, sio likiwa tupu.

Hii inamfaa nani? Mtu mmoja, siku mbili mpaka nne, anakoenda kuna joto au kuna mashine ya kufulia. Ukiwa na suti au mabuti usijidanganye.

Begi la magurudumu la kabatini

Hili ndo nina chuki nalo binafsi kwa hiyo nisome ukijua hilo. Zamani ulikuwa unaingia nalo bure hata kwenye hizi ndege za bei chee, ila polepole wakalifungia. Spirit walianza kutoza begi la kuingia nalo ndani mwaka 2010 huko Marekani, wakatukanwa sana, wengine wakawa wanaangalia tu kimya kimya kama inalipa. Ryanair mwaka 2018 wakasema anayeingia na begi la magurudumu ni aliyelipia kipaumbele tu, yani haki ya kupanda ndege mapema.

Sababu wanayoitoa sio ya uongo yote. Boeing 737-800 ya Ryanair ina viti 189, kabati la juu haliwezi kumeza mabegi 189 ya magurudumu hata uyapange kama tofali. Kila mtu akija na lake, wa mwisho wanahangaika kwenye ujia, mhudumu anaanza kuyashusha chini moja moja, na ndege ambayo imepangiwa dakika 25 tu ardhini kabla ya kuruka tena inachelewa, ikichelewa asubuhi inachelewa siku nzima. Hapo naelewa. Ila wangeweza kuyashusha buti, yani kule kwa mizigo tumboni mwa ndege, bure wakamaliza, sio? Wameona kuna hela hapo, basi.

Sasa kwa nini nalikataa. La kawaida la kabatini ni 55 x 40 x 20 na kilo 10 kwa Ryanair, Wizz wanaruhusu 55 x 40 x 23, easyJet wakubwa zaidi 56 x 45 x 25 na kilo 15. Begi lenyewe likiwa tupu, na magurudumu yake na ule mkono wa chuma, linakula kilo mbili na nusu au tatu. Ukitoa hizo kwenye kilo 10 unabaki na saba, na kwenye shirika la kilo 7 unabaki na nne, yani umelipia kubeba magurudumu. Alafu saizi wanayoandika dukani mara nyingine ni ya ndani au haijahesabu magurudumu, na kikasha cha getini kinahesabu kila kitu, mkono, gurudumu, kifungo, mimi nilinyongwa na hilo.

Faida yake ni moja na ni ya kweli, ukitua unatoka moja kwa moja husubiri mkanda wa mizigo. Kama una kikao saa moja baada ya kutua, lipia, tena lipia mapema. Na kipaumbele kwa kawaida kinakupa vyote viwili, begi la kabatini na kile kibegi cha chini ya kiti, kwa hiyo ukipiga hesabu ya lita unaweza kukuta ni biashara nzuri kuliko inavyoonekana. Ila kabla hujabonyeza, angalia bei ya kushusha kilo 20 kwenye safari hiyo hiyo. Nimekuta zaidi ya mara moja zimepishana kidogo sana, na hapo mtu anachagua la kabatini kwa mazoea tu.

Mzigo wa buti

Kwa familia sioni mjadala. Watu wanne wakilipia begi moja la kilo 20 au 23 na kila mmoja akabaki na kibegi chake cha bure, mnatoka kwa bei ndogo kuliko mabegi manne ya kabatini, na hamgombani kikashani. easyJet wanaruhusu walio kwenye buking moja kuchangia kilo, begi lako likizidi la mwenzako likipungua mnasawazisha, sio kila shirika linakubali hivyo kwa hiyo soma. Begi moja peke yake lisipite kilo 32 kwa vyovyote vile, hapo hata ukilipa halipokelewi, ni usalama wa migongo ya wanaobeba.

Nunua ule mzani mdogo wa kuning'iniza mkononi. Ukizidisha unatozwa kwa kila kilo, na kilo moja ya kuzidi ni ghali kiasi kwamba mzani unajilipa safari ya kwanza. Vigari vya watoto mashirika mengi wanabeba bure, usilipie kitu ambacho ni haki yako.

Ubaya wake ni muda na roho juu. Kaunta ya mizigo huwa inafungwa kama dakika 40 kabla ya ndege kuondoka, ukichelewa hapo begi halirudi nyuma na wewe huendi mbele. Likipotea au kuharibika, Mkataba wa Montreal ndo unaoongoza safari nyingi za kimataifa, fidia ina kikomo, tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja, SDR ni sarafu ya hesabu tu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Malalamiko ya kuharibika unaandika ndani ya siku 7 toka ulipopokea begi, ya kuchelewa siku 21 toka ulipokabidhiwa, kwa maandishi, sio kwa kupiga kelele. Piga picha begi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Mimi hata futi kamba ikiwa juu yake napiga.

Au uachane nao upande ndege ya kawaida

Hapa watu wanapita haraka na ni makosa. Ukijumlisha tiketi ya bei chee, begi kwenda, begi kurudi, kiti, na usafiri wa kufika ule uwanja wa mbali wanaopenda kutua, kuna siku inafika bei ya shirika kubwa ambalo begi lipo ndani ya tiketi. Ila na hawa wakubwa usiwaamini kwa jina tu. American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la buti mwaka 2008 mafuta yalipopanda, mafuta yakashuka ada ikabaki pale pale na ikaongezeka. Southwest ndo walikuwa wamebaki, mabegi mawili bure, walijitangaza kwa hilo miaka na miaka, tarehe 28 Mei 2025 nao wakaanza kutoza. Na United tiketi yao ya chini kabisa kwa safari za ndani ya Marekani hata begi la kabatini hairuhusu. Kwa hiyo linganisha jumla ya mwisho kabisa, ile kurasa kabla ya kuweka namba ya kadi, sio bei ya kwenye matokeo ya kutafuta.

Mbinu za abiria, zipi zinafanya kazi

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Ukikaa karibu na geti lenye kikasha unaona kila aina ya binadamu.

Kuna wavaaji. Nilikuwa nyuma ya mama mmoja alivaa majaketi matatu, suruali juu ya suruali, kila mfuko umejaa, anatembea mikono imening'inia pembeni kama mtoto aliyevalishwa na bibi yake. Akapita. Hakuna sheria inayokataza kuvaa nguo zako na hii ndo mbinu pekee ninayoiheshimu, shida yake ni jasho na pale kwenye ukaguzi wa usalama unavua kila kimoja huku watu wanakusubiri.

Kuna wa mto wa shingo, wanatoa pamba wanajaza nguo. Ilifanya kazi kweli, ila siku hizi wahudumu wanauminya, ukiwa mgumu kama gunia wanauhesabu kama begi. Wa mfuko wa dyuti fri nao wapo, ananunua kitu kidogo ili apate mfuko mkubwa atie viatu vyake humo. Baadhi ya mashirika yanaruhusu huo mfuko juu ya begi lako, mengine yanakwambia tia ndani ya begi, sasa kabla ya kununua kitu usichokihitaji angalia sheria ya shirika lako.

Kuna waliovunja magurudumu. Ilisambaa video ya jamaa anang'oa magurudumu ya begi lake kwa mikono pale pale getini ili liingie, watu wakampigia makofi. Mimi pia ningepiga makofi. Ila ukikaa ukafikiria, kaharibu begi ili asilipe hela ya begi, shirika halijapoteza kitu.

Na kuna wabishi. Hawa ndo nawaonea huruma maana niliwahi kutamani kuwa mmoja wao. Kubishana getini hakujawahi kumsaidia mtu nikiwa naangalia. Kwanza muda uko upande wao, geti likifungwa umebaki. Pili anayekupima mara nyingine ana maslahi. Ryanair walitangaza 2025 kwamba mfanyakazi anapata euro 2.50 kwa kila begi lililozidi analokamata badala ya 1.50, na kikomo cha mwezi kikaondolewa. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliripoti Novemba 2024 kwamba Frontier na Spirit walilipa dola milioni 26 mwaka 2022 na 2023 kwa watu wa getini kwa kukamata abiria wenye mabegi ya kuzidi. Sasa we unamuelezea mtu kwamba ni sentimita mbili tu, yeye hizo sentimita mbili ndo anazozitafuta. Ila usimtukane, sera hakuitunga yeye na mshahara wake naamini hauna tofauti kubwa na wa kwako.

Njia ya kupigana ni baada ya safari. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2014 kwenye kesi ya Vueling, shirika la bei chee la Hispania, kwamba begi la mkononi lenye uzito na saizi ya kawaida ni sehemu ya safari na lisitozwe ziada. Mashirika yanajibu kwamba kile kibegi cha chini ya kiti ndo hilo begi la bure, neno "kawaida" ndo wanalolivutia kwao. Hispania haikukubali, Novemba 2024 wizara yao inayosimamia haki za walaji ikapiga faini mashirika matano jumla ya euro milioni 179, Ryanair peke yake karibu milioni 108, na mashirika yakakimbilia mahakamani. Kwa hiyo ukilipa ukaona umeonewa, tunza risiti, piga picha begi likiwa kwenye kikasha, andika malalamiko. Pale getini lipa au acha vitu.

Mimi nachagua hivi

Siku nne kushuka chini, mgongoni laini la 40 x 30 x 20, silipi kitu. Wiki na zaidi, au tukiwa wawili, begi moja la buti la kilo 20 tunagawana, nalilipia siku ile ile ya kukata tiketi. La magurudumu la kabatini labda kama kuna mtu mwingine analipa. Na kama jumla ya bei chee imekaribia shirika lenye begi ndani ya tiketi, naenda kwa hao bila kufikiria mara mbili, ile tofauti ndogo ndo bei ya kutokutetemeka kwenye foleni.

Kama tiketi ushakata na begi ushalipima likazidi, fungua apu leo hii ongeza, usisubiri kuona kama watapima au hawapimi. Na ukikamatwa getini likachukuliwa kushushwa chini, kabla hujaliachia toa pawabenki, betri zote za akiba, dawa, pasipoti na funguo, hizo betri haziruhusiwi kabisa kwenda buti na dawa utazihitaji kabla begi halijatokea kwenye mkanda. Mimi siku ile nilitoa pawabenki tu, funguo za nyumbani zikaenda chini.